Ruhusa Hainunuliwi Barabarani

Mazungumzo kwa wakazi wa Nyakato, Manispaa ya Ilemela, kuhusu ada za maegesho na ufugaji wa wanyama wa porini



Mambo mawili tunayoyazungumza leo yanaonekana hayana undugu: ada ya kuegesha gari, na mnyama wa porini anayefugwa nyumbani. Hata hivyo, yote mawili huzusha ubishi katika mikutano ya mitaa na vikao vya madiwani, kwa kuwa yanamgusa jirani. Gari limeziba mlango wa duka. Tumbili ameingia jikoni kwa mtu na kumwaga unga. Watu hucheka kwanza, kisha hukasirika. Kwa mtoa fedha, yote mawili yana swali moja: huyu anayepokea fedha yangu ana mamlaka gani, na ananipa hati gani?

Tuanze na maegesho. Zamani halmashauri ndizo zilizokusanya ada hiyo, mara nyingi kupitia mawakala wenye vitabu vya stakabadhi. Mwaka 2017 Serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na barabara za mitaa zikahamia huko. Mwaka 2021 wakala huo ulianza kutoza ada ya maegesho kwa mfumo wa kielektroniki. Barabara kuu ya kwenda Musoma, inayopita hapa Nyakato, iko chini ya TANROADS. Stendi na masoko yako mikononi mwa halmashauri. Dereva anaweza kusogea hatua chache tu akawa ametoka katika mamlaka moja na kuingia katika nyingine. Ndiyo sababu diwani wako anaweza kulalamika kwa haki kabisa juu ya ada fulani, na bado kikao chake kisiwe na uwezo wa kuipunguza. Lalamiko lisilopelekwa panapostahili huishia hewani.

Mfumo wenyewe hufanya kazi hivi. Mtoza ada huingiza namba ya gari katika kifaa chake, na deni hukaa juu ya namba hiyo. Mwenye gari hupewa kumbukumbu namba ya malipo, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99, kisha hulipa kwa simu au benki. Hapa pana mambo matatu ya kushika. Kwanza, usimpe mtu fedha mkononi, hata akivaa kizibao cha kazi. Fedha hiyo haifuti deni, na kesho utadaiwa tena. Pili, usiache deni likae, kwa maana likipita muda uliowekwa huongezewa adhabu. Tatu, unaponunua gari lililotumika, hakiki madeni ya namba yake kabla ya kukabidhi fedha. Wapo wanaokagua injini na matairi kwa makini, kisha wakarithi madeni ya mtu wasiyemjua. Na ukidaiwa mahali ambapo gari lako halikuwapo, andika tarehe na saa, tunza kila ushahidi ulio nao, upeleke malalamiko yako kwa maandishi TARURA.

Sasa tugeukie wanyama. Halmashauri ina uwezo juu ya mifugo. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, Namba 8 ya mwaka 1982, inaipa nguvu ya kutunga sheria ndogo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi wa mjini kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, tena wafungiwe bandani. Mbwa naye hudaiwa chanjo ya kichaa. Katika haya, afisa mifugo wa kata na mtendaji wa mtaa wanaweza kukuongoza.

Tumbili, kobe wa porini, korongo taji, chatu na kakakuona wana sheria nyingine: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo, mnyama wa porini, akiwa hai au amekufa, huhesabiwa kuwa nyara, na kumiliki nyara ya Serikali bila kibali ni kosa la jinai. Kibali hakitolewi na mwenyekiti wa mtaa, wala mtendaji, wala baraza la madiwani. Barua yenye mhuri wa mtaa, ambayo wauzaji hupenda kuitaja, haimkingi mnunuzi.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndipo watu wanapoangamia. Mahakamani, thamani ya mnyama haipimwi kwa bei uliyompa kijana wa njiani. Hukadiriwa na maofisa wa wanyamapori kwa viwango vya Serikali, na ukubwa wa adhabu hufuata makadirio hayo. Kwa nyara zenye thamani kubwa, kifungo kinaweza kufika miaka 30. Rahisi ghali, walisema wazee, na hapa ughali wake hulipwa kwa uhuru wa mtu.

Sisi wa Usukumani tumekua tukiwaona wacheza ngoma wakicheza na chatu, na mila hiyo ina heshima yake. Lakini heshima ya ngoma haiondoi haja ya kibali. Kikundi kinachotumia nyoka kiwasiliane na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Wenye hamu ya kufuga kwa biashara nao wajifunze kwa jirani zetu wa Kenya. Wimbi la ufugaji wa kware lilipopanda huko, hadi mwaka 2014, wengi walinunua ndege kwa bei ya juu, na leseni ya mamlaka ya wanyamapori ikatakiwa. Muda si mrefu mayai yakajaa sokoni, na bei ikaporomoka.

Kuna pia afya. Tumbili mchanga hupendeza. Akikomaa huuma, na anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Anayetaka watoto wake waone wanyama, kisiwa cha Saanane kiko mbele ya macho yetu. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Na mwenye mnyama wa porini nyumbani sasa asimtupe kichakani wala kumuuza. Atoe taarifa TAWA au kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, akiwa na shahidi.

Mwisho, mjadala wa baraza ni wenu. Halmashauri ikikusudia kutunga sheria ndogo, hutangaza ili wakazi watoe maoni au pingamizi. Baada ya hapo huhitaji idhini ya Waziri na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ikiwa bado ni rasimu, haimtozi mtu faini. Someni matangazo katika ofisi ya kata, mkahudhurie.

Kabla ya kutoa fedha, uliza:

1. Wewe ni nani, na ofisi yako ni ipi?
2. Ni sheria au kanuni gani inayokuruhusu kupokea fedha hii?
3. Kumbukumbu namba, stakabadhi au kibali kiko wapi?
4. Nisiporidhika, nilalamike wapi?

Mwenye mamlaka halali atakujibu bila kukasirika. Anayekukimbiza ulipe upesi kabla hujauliza, mwache aende zake. Kuuliza si ujinga.