Gorogoro la Jumatatu



Jumapili tunaimba, tunatoa sadaka, tunaitikia Amina. Jumatatu tuko sokoni, gorogoro la mahindi mkononi. Sote twalijua gorogoro lililobonyezwa kitako. Kwa macho limejaa, lakini mama akirudi kutoka kusaga, unga hauwatoshi watoto wake.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanya biashara waliongoja kwa hamu sabato ipite, wapate kuuza nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Sabato waliishika, lakini mioyo yao ilikuwa sokoni. Je, sisi tu bora kuliko wao?

Pengine twajitetea kwamba kila mtu hufanya hivyo, na kwamba tukipima sawasawa hatutapata faida. Ni kweli, hasara yaweza kuja. Zakayo naye aliikubali hasara. Twasoma katika Luka 19 kwamba aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara 4 kila aliyemdhulumu. Wokovu wake ulifika hata mfukoni.

Basi leo, kabla hatujaanza kuuza, tuligeuze gorogoro letu tulitazame chini. Kama limebonyezwa, tuligonge linyooke, au tulitupe. Na tukimkumbuka jirani tuliyempunja, tumpelekee haki yake. Huenda jirani huyo hasomi Biblia, lakini kipimo chetu anakisoma kila siku.

Bwana atusaidie. Amina.