Sadaka na Mizani



Habari ya Zakayo twaifahamu sote: mkuu wa watoza ushuru, mtu tajiri wa Yeriko, mfupi wa kimo, aliyepanda mkuyu ili amwone Bwana. Leo twapenda kuitafakari pamoja na maisha ya tajiri mwingine, naye mtoza ushuru, aliyeishi Unguja.

Tharia Topan alizaliwa mwaka 1823 huko Kutch, Bara Hindi, akafika Unguja angali mdogo, bila mali. Kwa bidii akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani, na katika miaka ya 1870 Sultani Barghash alimkabidhi kazi ya kukusanya ushuru wa forodha. Mwaka 1887 alianza kujenga, kwa gharama yake, jengo la kuwa hospitali ya maskini. Hakuliona limekamilika, kwani alifariki mwaka 1891. Mjane wake, Janbai, aliiendeleza kazi hiyo hadi ikamalizika mwaka 1894. Baadaye jengo liliuzwa, likatumika kwa miaka mingi kama zahanati. Hata leo wageni wanaozuru Mji Mkongwe husimama kulitazama, limekabili bahari na roshani zake za mbao zilizonakshiwa.

Mtu huyu alikuwa Mwislamu wa Kiismailia. Tendo lake ni jema, nasi twalisifu bila kinyongo. Lakini, ndugu zetu, upo ukweli mwingine. Tharia Topan aliwakopesha mtaji wenye misafara ya bara, akiwamo Tippu Tip, aliyefanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Wanawake na wanaume waliotekwa huko bara hawakuufikia kamwe mlango wa hospitali ile.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Hukumu ni ya Mungu. Twasema kwa sababu swali lake ni letu pia. Hapa Mukendo, na kote Musoma, Bunda na Butiama, mwenye duka huombwa mchango wa darasa, bati za zahanati, saruji ya kanisa. Huchaguliwa katika kamati ya shule, pengine hugombea udiwani, na jina lake husomwa mbele ya watu. Hayo ni mema. Lakini je, mama aliyemuuzia dagaa alipimiwa kwa haki? Mkulima aliyemletea pamba alilipwa stahili yake? Na kijana anayemfungulia duka kila alfajiri, mshahara wake wa mwezi uliopita u wapi?

Zakayo alitoa ahadi mbili. Ya kwanza, kuwapa maskini nusu ya mali yake. Ya pili, kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Sisi hupenda ile ya kwanza, kwa kuwa hupigiwa makofi. Ya pili hufanyika kimya, baina ya watu wawili na daftari la madeni. Hata hivyo Zakayo hakuitumia sadaka kuficha dhuluma. Alizitamka ahadi zote mbili kwa kinywa kimoja.

Nasi tunaopokea michango tuna wajibu wetu. Tusimnyamazie mfadhili kwa sababu ameezeka paa letu. Nanyi makatekista, mnapowafundisha watoto kutoa, wafundisheni pia kurudisha.

Basi juma hili, kila mwenye biashara na aikague mizani yake kabla ya kuijaza bahasha yake. Akimkumbuka mtu aliyempunja, na amwendee mwenyewe, bila kumtuma mwingine, amlipe. Ndipo sadaka yake itakuwa nyepesi mkononi, na huduma yake kwa mji itakuwa na mizizi.

Mwenyezi Mungu atujalie mikono iliyo wazi na mizani iliyo sawa, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.