Kipaji Peke Yake Hakilipi Ada



Sisi tunaotunza hesabu za chama huulizwa kila mwaka: kwa nini fedha za maendeleo zinunue tarumbeta na kulipia watoto masomo ya muziki, wakati darasa linahitaji mabati?

Tunajibu kwa mfano wa Mfaransa Maurice André, aliyezaliwa Alès mwaka 1933, mtoto wa mchimbaji wa makaa ya mawe. Akiwa na miaka 14 naye aliingia mgodini. Kipaji kilionekana, ada haikuwepo. Alijiunga na bendi ya jeshi ili asome bure Chuo cha Muziki cha Paris. Akapiga katika okestra ya Lamoureux, akashinda mashindano ya Geneva mwaka 1955 na Munich mwaka 1963, kisha akafundisha chuoni hapohapo kuanzia 1967 hadi 1978.

Yeye alifunguliwa mlango na jeshi. Mlango wa watoto wetu ni mfuko huu. Mabati tutanunua, lakini mtoto wa miaka 14 haingoji bajeti ya mwakani.

Fomu za ahadi ziko mezani, na kila shilingi itatolewa stakabadhi.