Mwalimu wa Elimu Maalum Anapopotea Akiwa Kazini



Nimepewa kuzungumzia namna ya kuwabakiza walimu wa elimu maalum katika shule zetu. Mada inachukulia kwamba walimu hawa wanaondoka. Wapo wanaoondoka, nao nitawafikia. Lakini wengi tunaowapoteza hawajaondoka popote. Wanasaini daftari la mahudhurio kila asubuhi katika kituo kile kile walichopangiwa, kisha wanaingia darasa la sita kufundisha Hisabati, na watoto wa kitengo cha elimu maalum wanabaki na mlezi, au wanarudishwa nyumbani kabla ya saa nne. Nitaanza na hao.

Kwa upande wa historia na sera hatudaiwi na mtu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, zote kwa mkono wa makanisa. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo iwe mlango wa kwanza kwa kila mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mikakati ya taifa ya elimu jumuishi imefuatana mmoja baada ya mwingine, wa karibuni ukiwa wa 2021/22 hadi 2025/26. Utaratibu wa elimu msingi bila ada ulipoanza mwaka 2016 uandikishaji ukapanda, na katika wimbi lile walikuja watoto ambao zamani wangefungiwa ndani wageni wakija. Milango imefunguliwa. Swali ni nani anawapokea wakishaingia.

Mtu wa kuwapokea tunamwandaa. Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, Arusha, kimefanya kazi hiyo kwa miongo mingi: ulemavu wa kuona, uziwi, ulemavu wa akili. Kwa muda mrefu wengi waliokwenda huko walikuwa walimu waliokwisha kushika chaki, wakaacha familia zao ili wajifunze nukta nundu au Lugha ya Alama ya Tanzania. Halafu wanarudi.

Ratiba ndiyo inayowamaliza

Tujiweke kwenye kiti cha mwalimu mkuu, maana wengi humu ndio mnaokikalia, na sitaki mfikiri nimekuja kuwasema. Shule ina upungufu. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na nyie mnajua darasa la pili lina wangapi. Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu atakapoitwa kwenye kikao cha tathmini ataulizwa ufaulu wa darasa la saba na la nne. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini kwenye kata na halmashauri orodha bado zinapangwa, na aliye mkiani anajulikana. Hakuna atakayemuuliza kama mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyeandikishwa Januari sasa anaweza kufunga vifungo vya shati lake na kwenda chooni mwenyewe. Kazi hiyo inaweza kumchukua mwalimu mwaka mzima, na haina safu kwenye fomu yoyote ya matokeo.

Sasa mwalimu mkuu huyu ana mwalimu hodari, mvumilivu, aliyesomea mbinu za kumfundisha mtoto anayeelewa polepole. Kitengoni ana watoto tisa. Darasa la saba lina themanini na halina mwalimu wa Sayansi. Mnajua kitakachotokea. Ataambiwa "saidia kidogo", na kidogo hicho kitakwisha akiwa na vipindi ishirini na tano kwa wiki. Ni sawa na kumsomesha fundi cherehani kushona suti, akirudi unamkabidhi jembe. Hata hivyo silaumu moyo wa mwalimu mkuu. Hesabu anayopewa ndiyo mbovu: katika ikama, mwalimu wa kitengo anahesabiwa pamoja na walimu wote wa shule, hivyo kwenye karatasi shule inaonekana ina walimu wengi kuliko ilivyo kweli.

Hesabu hiyo hiyo inatuumiza kwenye uhamisho wa kubadilishana vituo. Mwalimu wa viziwi anataka kumfuata mwenzi wake mkoa mwingine, na ni haki yake. Anapata mwenzake wa kubadilishana naye, mwalimu mzuri wa kawaida. Barua zinapita. Kwa halmashauri hakuna pengo: mmoja katoka, mmoja kaingia. Kwa watoto viziwi wa shule ile, mtu pekee aliyekuwa akizungumza nao kwa lugha yao kaondoka, na aliyeingia anawapigia kelele akidhani watasikia.

Kuna na wale wanaokwenda kujiendeleza. Mwalimu wa shule ya msingi anasoma shahada ya elimu maalum, anahitimu, kisha anahamishiwa sekondari kwa sababu ya shahada hiyo. Kumbe mtoto asiyefundishwa nukta nundu akiwa darasa la kwanza hatafika huko sekondari kumkuta.

Wanaoondoka kweli, na kwa nini

Tukiwauliza, jibu la kwanza huwa ni mshahara, nami sitalidharau. Ila ukikaa nao zaidi ya chai ya saa nne wanasema mengine. Wanataja upweke: mwalimu mmoja wa kitengo katika shule yenye walimu ishirini, hana wa kumuuliza, na wenzake wanamwita "mwalimu wa mabubu" kwa utani ambao baada ya miaka haumchekeshi. Wanataja afisa anayekuja kukagua asijue anakagua nini, akaishia kuuliza andalio la somo na kusaini kitabu cha wageni.

Wanataja vifaa. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa kuwa "upungufu wa vifaa" ni maneno tuliyoyazoea hadi hayatugusi. Chukua mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu. Ina vitufe sita vya nukta, kila kimoja kwa nukta yake. Kitufe cha nukta ya tatu kikikwama, herufi L inageuka kuwa B, kwa sababu tofauti yao ni nukta hiyo moja tu. Mtoto anaandika "lala", vidole vyake vinasoma "baba". Anaambiwa amekosea, naye hakukosea. Mwalimu anajua tatizo ni chemchemi ndogo au uchafu ulioganda, lakini wilayani hakuna fundi, na kuipeleka mashine mkoani ni nauli yake mwenyewe. Anarudi kwenye kibao na kalamu ya kutobolea, anatoboa kazi za watoto moja moja usiku. Mwalimu wa namna hii akiomba kwenda kufundisha darasa la kawaida tusimwite msaliti.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Bonnie Billingsley, alipitia tafiti nyingi za nchini mwake kuhusu kwa nini walimu wa elimu maalum huacha kazi hiyo. Nchi ile ina sheria ya kuwasomesha watoto hawa tangu 1975 na fedha ambazo sisi hatuna. Alichokikuta kingeweza kuandikwa hapa: mzigo wa kazi na makaratasi, majukumu yasiyoeleweka, na hasa kukosa kuungwa mkono na uongozi wa shule. Sababu hiyo ya mwisho haisubiri bajeti ya Serikali Kuu.

Jirani zetu Kenya wameijaribu njia ya posho. Wana taasisi yao ya elimu maalum, KISE, tangu 1986, na Tume ya Kuajiri Walimu hulipa posho maalum kwa walimu wa shule na vitengo maalum, na nyingine ya kumwezesha mwalimu asiyeona kuwa na msaidizi wa kumsomea. Naiunga mkono hatua hiyo, kwa tahadhari moja. Posho ikifungwa kwenye jengo la shule maalum, mwalimu anayemfuata mtoto katika darasa jumuishi anaikosa, na tutakuwa tumewalipa walimu ili wakae mbali na elimu jumuishi. Ifungwe kwenye kazi anayoifanya.

Nasema hivyo kwa kuwa bado kuna wanaodhani elimu jumuishi maana yake ni kufunga kitengo na kuwagawa watoto madarasani. Mtoto mwenye uoni hafifu aliyeketishwa nyuma ya darasa la watoto tisini hajajumuishwa, amehifadhiwa. Elimu jumuishi inamhitaji mwalimu wa elimu maalum zaidi ya kitengo kinavyomhitaji, ila kwa kazi nyingine: kukaa na mwalimu wa darasa kupanga somo, kukuza maandishi, kuzunguka shule mbili tatu za jirani. Utaratibu wa walimu wanaozunguka si mgeni kwetu. Umekuwapo tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya wanafunzi wasioona, na palipokuwa na pikipiki na mafuta ulifanya kazi.

Jambo moja zaidi, ambalo kwenye vikao hivi hupita haraka. Kifungu cha 24 cha Mkataba ule wa Haki za Watu Wenye Ulemavu kinataka nchi ziajiri walimu wenye ulemavu, wenye ujuzi wa lugha ya alama au nukta nundu. Mwalimu kiziwi anayefundisha viziwi hahitaji kubembelezwa aipende lugha yao, ni yake. Lakini tunampangia shule isiyo na kiziwi hata mmoja, kwenye kikao cha walimu hakuna mkalimani, halafu tunashangaa anapoomba uhamisho.

Ombi langu

Maafisa elimu, mkirudi ofisini andaeni ikama mbili. Ya walimu wa elimu maalum isimame peke yake, na uhamisho wa kubadilishana usipitishwe kabla hamjajua nani atashika kitengo. Fedha za ukarabati wa mashine na nauli zake ziwekwe kwenye mpango wa shule kama zinavyowekwa za chaki.

Walimu wakuu, ninyi nawaomba kidogo zaidi. Ratiba ya muhula ujao bado hamjaibandika ukutani. Andikeni vipindi vya kitengo kwanza, jina la mwalimu wake likae hapo, na mwalimu wa Sayansi wa darasa la saba mumdai halmashauri kwa barua.