Kipepeo wa Buluu wa Kimironko

Twende sokoni Kimironko, wanakomenya njegere. Ganda moja lina tundu dogo, na ndani kuna kiwavi wa kijani. Hutupwa chini mara moja, na anayemtupa ana haki: mbegu zimeshaliwa. Lakini mimi naomba tumwangalie, maana huyo ni mtoto wa kipepeo mdogo wa buluu, Lampides boeticus, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1767.

Utamtambuaje? Dume akifungua mabawa ni buluu inayoelekea zambarau. Jike ni kahawia, buluu yake iko karibu na mwili tu. Hata hivyo, usitegemee rangi ya juu. Subiri atue na kufunga mabawa. Chini ana michirizi ya kahawia na nyeupe kama mawimbi, na karibu na ukingo wa bawa la nyuma kuna utepe mpana mweupe. Shika alama hiyo. Nyuma kabisa kuna madoa mawili meusi yenye rangi ya machungwa pembeni, na kimkia chembamba kama uzi. Akiyasugua mabawa, vimkia huchezacheza kama vipapasio, na ndege hudonoa upande usio na kichwa.

Yule mdogo zaidi arukaye chini chini nyasini, asiye na kimkia, ni mwingine: Zizeeria knysna.

Ukitaka kumwona Lampides boeticus, jua la asubuhi likishapasha maua ya maharage, simama kidogo kando ya shamba. Jike hutaga yai moja moja, kwenye tumba la ua.