Flashi ni ya Kubebea, si ya Kuhifadhia: Mazungumzo kwa Wanaoanza Kutumia Kompyuta



Mazungumzo haya yanahusu kifaa kidogo kinachobebwa mfukoni na kuchomekwa kwenye kompyuta, kijulikanacho kwa jina la flashi. Mifano yake imechukuliwa katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kwenye ukanda wa dhahabu, ambako karatasi moja yaweza kubeba jasho la watu wengi. Hata hivyo, mashauri yenyewe yanamfaa kila anayeanza kutumia kompyuta, awe Visiwani au Bara.

Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000. Moja ya zile za mwanzo ilibeba megabaiti 8 tu. Leo flashi ya gigabaiti 32 hupatikana katika maduka ya kawaida. Wingi huo wa nafasi umewafanya watu wengi waigeuze flashi kuwa ghala, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Flashi ni chombo cha kusafirishia nyaraka. Mtumiaji abebe nakala ndani yake, wala asiitegemee kuwa mahali pekee pa kuhifadhia waraka.

Uchukuliwe mfano wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa Kahama au Mbogwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka 7 na yaweza kuhuishwa. Katika muda wote huo kikundi kinapaswa kutunza leseni, makubaliano na wenye ardhi, mihutasari ya mikutano na kumbukumbu za mauzo katika masoko ya madini, ambayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa yale ya mwanzo. Endapo yote hayo yamo katika flashi moja iliyo mfukoni mwa katibu, na flashi hiyo ikapotea, kikundi hubaki bila ushahidi siku mgogoro wa mpaka au wa mgao unapozuka.

Ofisi za Serikali nazo hazijaepukana na hatari hiyo. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wilaya ya Bukombe, kwa mfano, ilitoka Shinyanga. Mipaka ya utawala hubadilika, watumishi huhamishwa na wengine hustaafu, lakini kumbukumbu za wananchi hazina budi kubaki. Haifai zimtegemee mtumishi mmoja na kifaa chake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuwa na nakala 3 za kila waraka muhimu: moja katika kompyuta ya kazi, ya pili katika kifaa cha aina nyingine, na ya tatu katika jengo jingine au katika hifadhi ya mtandao iliyoidhinishwa na ofisi. Moto au mwizi akiingia chumba kimoja, nakala iliyo mbali itasalimika. Ni vyema pia kufungua nakala hizo mara kwa mara ili kuthibitisha kuwa bado zinasomeka.

Kanuni ya pili ni kuitoa flashi kwa utaratibu. Kompyuta yaweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili, kumbe bado inaandika sehemu ya mwisho. Mtumiaji afunge mafaili yote, aiamuru kompyuta iachie flashi, asubiri ijibu, ndipo aichomoe. Umeme unapokuwa wa kukatikakatika, tahadhari iongezwe: waraka unakiliwe kwanza kwenye kompyuta, ufanyiwe kazi humo, kisha nakala irudishwe kwenye flashi. Flashi iwekwe kifuniko dhidi ya vumbi, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kanuni ya tatu inahusu virusi. Wengi hudhani kwamba kompyuta isiyounganishwa na intaneti haiwezi kuambukizwa. Dhana hiyo si sahihi. Virusi vya Conficker, vilivyozuka mwaka 2008 na kuingia katika mamilioni ya kompyuta duniani, vilienea pia kwa njia ya flashi. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu ya Stuxnet, iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Iran. Yenyewe iliweza kusambaa kwa flashi hadi kwenye kompyuta zilizotengwa na mtandao.

Huku kwetu, njia kuu ya maambukizi ni kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, kama zile za steshenari. Flashi ya mwalimu, ya mfanyabiashara na ya karani huchomekwa hapo siku moja, moja baada ya nyingine. Anayekwenda kuchapisha atenge flashi ya kazi hiyo peke yake, aweke humo waraka unaohitajika tu, na akirudi aipime kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua faili lolote. Akikuta mafaili yake yamegeuka kuwa alama za njia ya mkato, asiyabofye wala asikubali kufomati flashi kwa haraka. Mara nyingi mafaili huwa yamefichwa tu, na mtaalamu aweza kuyarudisha.

Kanuni ya nne ni kulinda siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Orodha ya wagonjwa wa kituo cha afya au mishahara ya watumishi haipasi kubebwa katika flashi isiyofungwa kwa neno la siri. Aidha, kufuta faili hakuliondoi mara moja. Mwenye ujuzi aweza kulirejesha. Kwa hiyo flashi ya ofisi isigawiwe wala kuuzwa ovyo, na nakala zilizoachwa kwenye kompyuta ya steshenari ziondolewe mbele ya mwenye waraka.

Kanuni ya tano ni kujihadhari na flashi ya kuokota na ya bei ya ajabu. Katika jaribio lililofanyika katika chuo kikuu kimoja cha Illinois, Marekani, na kutangazwa mwaka 2016, flashi 297 ziliangushwa kwa makusudi. Karibu nusu ya hizo waliookota walizichomeka na kufungua mafaili yaliyomo. Flashi iliyookotwa ipelekwe kwa Afisa TEHAMA. Zipo pia flashi za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyomo. Mnunuzi aijaze kwanza mafaili yasiyo muhimu na kuyafungua tena kabla ya kuiamini.

Wakuu wa idara, makatibu wa vikundi na walimu wanaombwa kuanza na hatua moja wiki hii: kila mmoja aikague flashi yake, atafute waraka usio na nakala mahali pengine, na kuunakili. Flashi ikishapotea, nafasi hiyo haitakuwapo tena.