MTAFITI HUANZA KWA KUSIKILIZA
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Sumbawanga)



Mkisikia “mtafiti wa afya” mnamfikiria nani? Mzee mwenye koti jeupe na hadubini, siyo? Kumbe wengi huanza wakiwa vijana kama mimi, tena huanza kwa kukosea.

Nilipotoka chuo kikuu nilipelekwa kijiji kimoja hapahapa Ufipa kujaza fomu. Bibi mmoja alinijibu “ndiyo” kwa kila swali. Nikafurahi, kazi imekwisha mapema! Jioni msimamizi wangu akaniuliza, “Huyu bibi anajua Kiswahili?” Nikabaki kimya. Fomu ikachanwa.

Kesho yake nikarudi na mama anayejua Kifipa. Tukaeleza kila kitu taratibu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe naweza kukataa? Basi nakataa, mjukuu wangu.” Nilirudi mikono mitupu. Msimamizi akacheka: “Leo ndiyo umefanya kazi.”

Hilo ndilo somo la kwanza la mtafiti: ridhaa. Mtu aelezwe faida na hatari kwa lugha anayoielewa. Akikataa, au akijitoa katikati, asinyimwe matibabu yake.

Somo la pili: jibu la utafiti lisilale kabatini, lifike zahanati. Chukueni mfano wa Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vijijini walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, na dawa zikapelekwa. Matokeo yalitangazwa 1995: maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kama asilimia 40, ukilinganisha na vijiji ambavyo havijapata huduma hiyo. Haikuwa dawa mpya, jamani! Ilikuwa dawa iliyopo, kufikishwa kwa mgonjwa.

Lakini kule Rakai, Uganda, watu walipewa dawa nyumba kwa nyumba, na maambukizi hayakupungua. Kwa nini? Mtafiti kijana hufundishwa kuuliza hivyo, siyo kuficha jibu lisilompendeza.

Sasa nanyi. Mnajua Kifipa. Mnajua kwa nini mama fulani haendi zahanati, na kwa nini kijana huficha usaha mpaka aumwe sana. Mgeni atahitaji miezi kuyajua hayo. Basi someni bayolojia na hisabati, msiziogope. Na bibi akisema “ndiyo”, hakikisheni ameelewa.

Haya, nani ana swali?